Zuwena na Datsun ya Bati

Watu wa Mlandizi walimjua Zuwena kwa kelele kabla hawajamjua kwa jina. Ukipita nyuma ya duka la vipuri vya bodaboda la Mudathir, asubuhi yoyote isiyokuwa Ijumaa, ungesikia nyundo ndogo ikigonga bati taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Wengi walidhani Mudathir ameweka fundi huko uani. Hakuwa ameweka mtu. Aliyekuwa akigonga ni mkewe.

Zuwena alizaliwa Maneromango, upande wa Kisarawe, na baba yake, mzee Seifu, alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, ndoo, mabirika ya kahawa na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Zuwena alikulia pembeni ya baba yake, akikusanya vipande vilivyobaki, na kabla hajaanza shule alikwishajua kukata bati bila kujikata kidole.

Mwaka mmoja magari ya mashindano yalipita kijijini kwao. Watu walisimama kandokando ya barabara ya vumbi tangu asubuhi, na Zuwena hakuwa akiona chochote isipokuwa migongo ya watu wazima, mpaka baba yake alipompandisha mabegani. Kwanza ulisikika mlio. Kisha ndege wakaruka wote kwa pamoja kutoka kwenye mikorosho. Kisha Datsun nyeupe yenye milango myekundu ikachomoza kwenye kona ikiwa imekaa ubavu, matairi yanatazama huku na gari lenyewe linakwenda kule, na vumbi likawafunika wote waliosimama. Mzee Seifu alicheka mpaka akakohoa. Jioni ile alikata kopo la mafuta ya kula akamwonesha binti yake namna ya kukunja bati likawa boneti.

Zuwena hakuacha tangu siku hiyo. Aliolewa na Mudathir, mtu wa kijiji cha Janga, akahamia Mlandizi, akamzaa Salama, akamlea, akatengeneza majiko ya mkaa ya kuuza, na kila alipopata nafasi aliunda magari. Si yale ya waya ambayo watoto huyasukuma kwa kijiti. Magari yake yalikuwa ya mashindano, yaliyopimwa. Kila sentimita kumi za gari la kweli kwake zilikuwa sentimita moja, na akikosea kidogo tu alibomoa akaanza upya. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, aliwahi kumwambia kwamba mwanamke kugonga bati ni kuwaita majirani waje kusikiliza ugomvi usiokuwepo. Zuwena aliitikia kwa adabu, akahamishia nyundo yake uani, akaendelea.

Datsun nyeupe aliihifadhi moyoni miaka mingi kwa sababu hakuwa na pa kuipima. Ndipo ikasikika kwamba huko Janga kuna mzee anaitwa Abdala ambaye kwake kuna mkweche wa Datsun ya aina ileile, umekaa juu ya matofali, kuku wanataga ndani. Zuwena alimwomba Mudathir ampeleke. Alishika utepe wa cherehani, akawapisha kuku, akapima bodi lote, nje na ndani, hata pale ambapo dashibodi ilikuwa imeliwa na kutu. Mzee Abdala alimtazama kwa huruma, akamuuliza Mudathir kama mkewe ni mzima.

Ilimchukua msimu mzima wa mvua na kipande cha kiangazi. Bodi lilitoka kwenye makopo ya maziwa ya unga, yaliyolehemiwa kwa mkono mwepesi kiasi kwamba ukipitisha kidole hukuti kiungo. Springi alisokota mwenyewe kwa waya wa breki ya baiskeli. Matairi yalikuwa soli ya kandambili, yamechongwa meno moja moja kwa kisu chenye moto. Vioo vilikatwa kwenye chupa za maji. Ndani kulikuwa na mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, usukani uliogeuza matairi kweli, viti vilivyofunikwa ngozi ya mkoba uliochakaa, na mikanda ya viti iliyotoka kwenye sidiria yake ya zamani, kwa sababu hakuna utepe mwingine uliokuwa mwembamba na imara namna ile. Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Aliipaka nyeupe, akapaka milango nyekundu, akaketi akaitazama, na machozi yakamtoka, kwa sababu baba yake alikwishafariki na hakuna mwingine wa kumwambia kwamba ndiyo ile.

Mudathir naye aliipenda. Lazima isemwe, maana hakuwa mume mbaya. Aliichukua akaiweka dukani, kwenye rafu, kati ya oili na minyororo, mahali ambapo mteja hawezi kuikosa. Zuwena alifurahi. Hakujua kwamba hapo ndipo mambo yangeharibikia.

Siku moja aliingia dukani mtu kutoka Dar es Salaam, jina lake Godbless, mmoja wa waandaaji wa mashindano ya magari yaliyokuwa yapite kwenye njia za mashamba upande wa Ruvu. Alikuwa anatafuta plagi ya pikipiki yake. Alipoinua macho akaona Datsun, plagi aliisahau.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya hapahapa," Mudathir akajibu.

"Fundi, una mikono wewe. Hongera sana."

Mudathir akasema, "Ahsante."

Neno hilo moja ndilo lililozaa mengine yote. Godbless akamwomba ailete kwenye maonesho yatakayofanyika uwanjani Mlandizi siku moja kabla ya mashindano, na Mudathir akakubali. Nyumbani alimwambia Zuwena, "Mama Salama, wameiomba gari yako kwenye maonesho." Gari yako, ndivyo alivyosema. Zuwena akaosha khanga yake nzuri, akaipiga pasi mara mbili.

Siku ya maonesho uwanja ulijaa. Magari ya kweli yalikuwa yamepangwa upande mmoja, boneti wazi, vijana wanapiga picha. Katikati kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake Datsun ya bati. Zuwena alikwenda moja kwa moja mezani. Mbele ya gari kulikuwa na kibao, maandishi makubwa, yanasomeka: IMEUNDWA KWA MKONO NA FUNDI MUDATHIR WA MLANDIZI.

Alikisoma, akakisoma tena. Alidhani wamekosea tu. Watu hukosea. Akamtafuta mumewe kwa macho ili akawaambie wabadilishe, akamwona amevaa kofia ya waandaaji, amesimama kando ya Godbless, na Godbless, akiwasimulia watu jinsi alivyompongeza fundi dukani naye akajibu "ahsante" tu, anampa kipaza sauti.

Mudathir aliongea vizuri, na hilo ndilo lililomuuma Zuwena zaidi. Hakubabaika. Alisema bodi limetoka kwenye makopo ya maziwa. Alisema matairi ni kandambili. Mtu akauliza mikanda ya viti, Mudathir akajibu kwamba alitafuta utepe maalumu, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Zuwena, ambaye sidiria ilikuwa yake, alisimama pale akahisi masikio yanawaka.

Kisha Godbless akauliza wazo lilitoka wapi.

"Nilipokuwa mdogo," Mudathir akasema, "magari yalipita kijijini kwetu. Nilikuwa sioni kitu, watu wamejaa. Baba yangu akanipandisha mabegani. Nikaona Datsun nyeupe inatoka kwenye kona, ndege wanaruka, vumbi likatufunika. Baba alicheka mpaka akakohoa."

Watu wakapiga makofi. Zuwena hakusikia makofi. Mudathir alikulia Janga. Katika utoto wake wote hakuwahi kuona gari la mashindano, na baba yake alikuwa mtu mkimya aliyecheka kwa kupumua puani. Gari angeweza kusema kwamba limechukuliwa kwa bahati mbaya, kwa kibao kilichokosewa. Lakini yale mabega yalikuwa ya mzee Seifu. Vumbi lile alilila yeye, Zuwena, na kicheko kile hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki nacho.

Akasogea mbele mpaka mezani. Alisema kwa sauti ya kawaida, wala hakupayuka, "Samahani. Hili gari nimeliunda mimi."

Watu wa karibu wakageuka. Godbless akamtazama, kisha akamtazama Mudathir, akitabasamu kama mtu aliyeingilia utani wa nyumbani asiuelewe. Mudathir alikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ya kutosha kabisa, na Zuwena aliingoja akimtazama usoni. Mudathir akainua kipaza sauti akasema, "Huyu ni mke wangu. Ananisaidia kupaka rangi."

Wakacheka. Walicheka kwa wema, kama watu wanavyochekea wanandoa wanaotaniana, na mama mmoja akampigapiga Zuwena begani akamwambia ana bahati ya kupata mume mwenye kipaji.

Zuwena alizunguka meza, akaifunga ile Datsun kwenye kile kitambaa cheupe, akaipakata kifuani kama mtoto, akatoka uwanjani. Godbless alimwita, "Mama, mama, subiri, ratiba bado." Hakugeuka. Barabarani alisimamisha bodaboda, akamwambia dereva anakwenda Maneromango.

"Mbali huko, mama. Njia ya Mzenga ni mchanga mtupu."

"Nenda polepole basi. Nimebeba gari."

Mama yake, Bi Tatu, alimpokea bila maswali mengi, akampa maji ya kuoga na wali. Kesho yake ndipo alipouliza, na Zuwena alipomweleza kwamba wameandika jina la Mudathir kwenye gari, mama yake akashusha pumzi.

"Nilidhani amekupiga," akasema. "Au ameoa. Umeacha nyumba kwa sababu ya makopo, Zuwena?"

"Mama, si makopo."

"Ni makopo, mwanangu. Nimeishi na fundi bati, nayajua. Jina la mumeo na lako yana tofauti gani? Mtoto anaitwa kwa jina lake, nyumba inaitwa kwa jina lake, na hujawahi kununa."

Zuwena alitaka kumweleza mengine, lakini mama yake alikwishainuka kwenda jikoni. Siku zilizofuata alizipitisha amekaa barazani na hasira yake, akiigeuzageuza. Kilichomchoma hakikuwa kofia wala makofi. Ni ule wepesi wake. Ingemgharimu nini Mudathir kusema, "Ya mke wangu," pale dukani? Maneno matatu. Angebaki na duka lake, heshima yake, na wateja wangemwona mtu mwenye bahati. Lakini alichagua "ahsante", na baada ya hapo kila alipofungua mdomo alichukua kitu kingine, mpaka akafika kwenye mabega ya marehemu. Akiwaza hapo, Zuwena alisimama akatembea mbele ya nyumba, akarudi, akakaa tena.

Mudathir alipiga simu, haikupokewa. Mwishowe akaja mwenyewe na baba yake mkubwa, mzee Hamidu, anayeheshimika Janga kwa kusuluhisha ndoa za watu. Zuwena aliwatolea mkeka, akampa mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi kando ya mama yake. Mume wake alimsalimia kwa kumwangalia usoni mara moja tu.

Mzee Hamidu alianza kwa upole. Akasema ndoa ina mambo, mume amekosea kidogo na mke amehamaki kidogo, na mwanamke kumwaibisha mumewe mbele ya hadhara nalo si jambo dogo. "Tuseme yamekwisha," akasema. "Gari moja la bati lisituvunjie nyumba."

"Baba mkubwa," Zuwena akasema, "nakuheshimu. Lakini mimi nilimwaibisha kwa lipi? Nilisema uongo?"

"Hukusema uongo. Ila kuna mahali pa kusemea."

"Yeye aliposema mimi nampakia rangi, pale palikuwa mahali pa kusemea?"

Mzee Hamidu akakuna kidevu. Bi Tatu akamgusa binti yake goti, kumtuliza. "Mudathir, mwanangu," akasema, "wewe mwombe radhi mwenzio, twende tukale. Na wewe Zuwena upunguze."

"Naomba radhi," Mudathir akasema upesi. "Kweli nilikosea. Yule bwana aliniita fundi, nikaona haya kumkatiza. Halafu siku ile maikrofoni ikaja, nikajikuta naongea. Sikupanga."

"Na hadithi ya baba nayo hukuipanga?" Zuwena akauliza.

"Hadithi gani ya baba?" Bi Tatu akauliza.

Mudathir akaangalia mkeka. Zuwena akaona kwamba hatasema, akasema yeye. "Aliwaambia watu kwamba magari yalipita kwao, baba akampandisha mabegani, akaiona Datsun nyeupe inatoka kwenye kona. Kwamba baba alicheka mpaka akakohoa."

Bi Tatu aliondoa mkono wake gotini kwa Zuwena. Alikuwa mwanamke mfupi, mkongwe, na kwa kawaida sauti yake haikuvuka baraza.

"Seifu alikubeba wewe?" akamuuliza Mudathir.

"Mama..."

"Nakuuliza. Mume wangu alikubeba wewe mabegani? Maana nilikuwepo mimi. Nilisimama kando yake. Shati lake nililifua mimi, vumbi jekundu halikutoka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo, mama."

"Hukuwepo. Na kile kikohozi alichokuwa nacho ndicho kilichokuja kumuua, na wewe umekwenda kuwachekesha watu nacho uwanjani." Akamgeukia mzee Hamidu. "Mzee mwenzangu, mimi nilimwambia binti yangu ni makopo. Nilikosea. Hapa hapajasuluhishwa kitu."

Mzee Hamidu, aliyekuja kumaliza jambo kabla ya adhuhuri, alikunja miguu upya mkekani. Mwisho akamwambia Mudathir, "Huyo mtu wa magari unayo namba yake? Mpigie. Hapa hapa, sote tusikie."

Mudathir akapiga, akaweka spika. Godbless alipopokea na kumwita fundi, Mudathir akamwambia, "Mimi si fundi. Ile gari aliiunda mke wangu, Zuwena. Yote. Mimi sijui hata kulehemu. Na ile hadithi ya utotoni ni yake, ni marehemu baba yake."

Godbless akacheka. "Ah, kaka, hayo si ya ndani kwenu? Familia moja, kuna tofauti gani? Picha tumeshazitoa, watu wamependa sana. Mwambie mama mwakani tutamkumbuka."

Zuwena akanyoosha mkono, akachukua simu. "Kaka Godbless, habari za saa hizi. Dereva wako akishinda mashindano, kikombe unampa shemeji yake?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Unampa mkewe?"

"Hapana."

"Basi mwakani sikuombi kitu. Nakuomba pale ulipoandika jina la Mudathir uandike langu. Picha ileile, mahali palepale."

Godbless akaahidi. Jioni akaandika kwenye ukurasa wao wa mtandaoni kwamba gari lile limeundwa na Fundi Mudathir pamoja na mkewe. Zuwena alipooneshwa, alipiga simu mwenyewe. Akamuuliza kama mkewe hana jina, na huo upamoja ameutoa wapi. Godbless akasema mama, hili umelishikilia sana. Zuwena akamjibu kwamba amelishikilia kwa sababu ni lake. Akapiga tena kesho yake baada ya adhuhuri, na kesho kutwa, kila mara kwa sauti ya chini na kwa salamu kamili, mpaka yule mtu akachoka akaandika: Zuwena binti Seifu, wa Maneromango na Mlandizi. Picha ilibaki ya Mudathir mwenye kofia. Nyingine, Godbless alisema, hakupiga. Wengi walioandika chini yake bado walimpongeza fundi kwa mikono yake, wakimaanisha yule wa kwenye picha.

Zuwena alirudi Mlandizi, ila hakurudi uani. Siku ileile ya kurudi alibeba benchi lake, nyundo, tupa, lehemu na mkasi wa baba yake, akapanga vyote mbele ya duka, kwenye kivuli cha paa, barabarani kabisa. Mudathir alimsaidia kubeba bila kuulizwa. Alimwambia tu kwamba wateja watakosa pa kuegesha pikipiki. Zuwena akasema wataegesha kule.

Nyumbani aliongea naye kama kawaida, akampikia, wakacheka Salama alipopiga simu kutoka bweni. Lakini hakumweleza tena jambo lolote la utoto wake. Mudathir aliwahi kumuuliza, kwa kuzungukazunguka, mzee Seifu alikuwa mtu wa namna gani, na Zuwena akamjibu kwamba alikuwa fundi bati.

Hivi sasa anaunda Peugeot. Boneti lake limemsumbua wiki nzima, halifungi sawasawa, upande mmoja unapanda unene wa ukucha. Majuzi alikuwa ameinama akilipiga tupa, akasimama mteja mmoja, mtu mzima, mwenye suruali ya kunyooshwa, akamtazama muda mrefu huku akitabasamu.

"Mama, mzee leo amekuachia uchezee vyombo vyake?"

Zuwena hakuinua uso. Ndani ya duka Mudathir aliweka chini mnyororo aliokuwa akiupima. "Vyombo vyake mwenyewe hivyo," akasema. "Mimi hata mkasi wa bati sijui kuushika. Hayo magari anaunda yeye. Mwulize."

Zuwena alisikia, wala hakumshukuru. Hakuona la kushukuru hapo. Yule mteja akacheka kidogo, akamwangalia Mudathir kuona kama anatania, akamrudia Zuwena.

"Kweli, mama? Na nani amekufundisha?"

Zuwena akainua boneti juani, akalitazama kwa jicho moja, akaona bado. Alimwambia yule mtu asogee, anamzibia mwanga.